Neno Termike Lilipofika Cimpunda

Maman Emérence Nabintu hapendi kuitwa fundi mwanamke. Ukimwita hivyo atakuuliza kama daktari wako wa meno unamwita daktari mwanaume, na hapo ujue asubuhi yako imeharibika. Yeye ni fundi wa radiateri, basi. Gari likichemka maji, unampelekea radiateri, anakuambia inavuja wapi, anaziba, unakwenda zako. Kwa miaka thelathini na tano hajafanya kazi nyingine, wala hajatamani.

Garaji yake iko kwenye mlima unaopanda kutoka soko la Kadutu kuingia Cimpunda, mjini Bukavu, pale pale magari yanapoishiwa pumzi. Si bahati. Marehemu baba yake, Papa Bisimwa, aliichagua nafasi hiyo kwa akili. Mzee huyo aliendesha lori la mizigo kati ya Bukavu na Kamituga mpaka siku lori lilipomfia matopeni, mbele ya Mwenga. Alikaa nalo siku kumi na tisa. Mwingine angeliacha lioze. Yeye alilifungua ubao mmoja baada ya mwingine, akazirudisha mbao mjini juu ya malori ya wenzake, na kwa mbao hizo za ubavuni akajenga garaji. Ubao mrefu kuliko zote aliuelekeza barabarani, na juu yake yalibaki maneno aliyoyaandika kwa mkono wake, kwa rangi ya manjano, wakati lori lingali linatembea: USICHEKE PANE YA MWENZAKO. Pane, kwetu, ni gari kukuharibikia njiani. Kila dereva anayepanda mlima ule ameyasoma maneno hayo, wengine wakiwa tayari wanatoa moshi.

Ni baba huyo aliyemfundisha. Unaziba mdomo mmoja wa radiateri, unaizamisha kwenye nusu ya pipa iliyojaa maji, unapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yanapotokea, kidonda kiko hapo. "Mutu atakudanganya, radiateri haidanganyake," mzee alikuwa akisema. Halafu unapasha chuma moto kwenye makaa, unayeyusha risasi ya kulehemu, unaziba. Mumewe Emérence alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, akaipata, na mke mwingine akampata huko huko, hakurudi. Emérence alilia wiki moja, ya pili akachukua chuma cha kulehemu. Watoto wanne wamesoma kwa mapovu ya pipa lile.

Hasira alikuwa nazo tangu zamani, usidhani aliletewa na mtu. Ile risasi ya kulehemu inatengenezwa kutokana na mawe meusi yanayochimbwa Kalehe na Shabunda. Yanapita mbele ya mlango wake ndani ya magunia, juu ya malori ambayo radiateri zake ameziziba yeye. Yanakwenda mbali, kisha yanarudi kama fimbo nyembamba iliyofungwa nailoni, yenye maandishi asiyoweza kuyasoma, bei yake juu kama tiketi ya ndege. Kila anapoikata fimbo hiyo anatukana. Hajui anamtukana nani hasa, lakini ana imani tusi litafika.

Basi, mwaka jana, masika yakiwa yamekolea, wakaja watu wa Projet ya Hewa Safi, mradi wa kupunguza moshi.

Walikuja na agizo kutoka juu. Ulaya, walisema, wamekata shauri kwamba siku moja hawatauza tena magari mapya ya mafuta; nasi tusibaki nyuma. Bukavu itaanza na barabara moja ya mfano, na barabara hiyo ni mlima wa Cimpunda. Nani aliichagua? Mtu asiyewahi kuupanda kwa miguu, bila shaka. Magari yenyewe yaliyochakaa yanatoka huko huko ng'ambo, wanatuletea yakiwa yamekwisha kohoa, tunayafufua kwa mikono yetu, kisha wanatugeukia kutuambia ni dhambi kuyapanda. Haya.

Agizo liliandikwa kwa Kifaransa. Lilisema magari yenye moteri "termike" yataondolewa kidogo kidogo. Karatasi hiyo walimpa Guy, kijana wa mtaa mwenye megafoni, anayetangaza chanjo, misiba na mbuzi waliopotea, wakamwambia: tafsiri, tangaza. Guy aliiangalia. Termike. Akawaza: termometre inapima homa, termosi inaweka chai ya moto. Kumbe termike ni mambo ya joto! Na gari lenye joto kila mtu wa Kadutu anajua linaitwaje. Linashofe. Yaani moteri imezidiwa na moto mpaka maji yanachemka na mvuke unatoka mbele. Guy akapanda juu ya jiwe, akafungua megafoni.

"Ndugu wapenzi wa Cimpunda! Kuanzia mwezi kesho, gari yote yenye moteri inashofe, haina ruhusa kupanda apa! Itakamatwa! Minasema, yenye kushofe, itakamatwa!"

Emérence alikuwa ameinama juu ya pipa. Akanyanyuka, mikono inadondosha maji.

"Wee! Nyamuzinda, Mungu wetu! Leo serikali imeamuka!" akapiga makofi. Maishani mwake hakuwahi kuipigia serikali makofi, na hilo ndilo alilokuja kujilaumia zaidi kuliko lingine lolote.

Kesho yake foleni ilianza kwenye mlango wake na kuteremka hadi kwenye kona ya wauza sombe, yale majani ya muhogo. Mbele kabisa alikuwa Adalbert, dereva wa taksi, mtu wa maneno mengi na radiateri mbovu.

"Maman Emérence, niokoe. Hii yangu inashofe ata mu muteremuko."

"Ni juu ya kuweka maji ya mutoni yenye matope. Ni mara ngapi nakuambia?"

"Maman, usinigombeze, unisude tu, uzibe pale panavuja. Na unipatie na karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kuonyesha ba Guy kama haishofe tena."

Emérence akacheka, lakini akachana ukurasa kwenye daftari, akaandika kwa herufi kubwa: MOTERI HII HAISHOFE. EMÉRENCE NABINTU, FUNDI. Hakuichukulia hata senti. Adalbert akaibandika kwenye kioo cha mbele kama cheti cha ubatizo. Mchana ule kila dereva akataka yake. Guy alisimama juu mlimani na gileti yake ya kijani, kizibao alichopewa na Projet, anasoma karatasi moja moja, anapitisha. Wiki tatu mambo yalikwenda hivyo, na nikuambie ukweli ambao watu wa Projet hawajauandika popote: moshi ulipungua. Magari yaliyotengenezwa yalipanda vizuri, na wauza sombe wakaacha kukohoa.

Halafu akaja Monsieur Parfait, mkubwa wa Projet, ndani ya gari jeupe, refu, la esanse, yaani petroli. Aliliegesha mbele ya garaji akaacha moteri inanguruma ili ndani pasipate joto. Akateremka, viatu vyake vikitafuta pasipo na tope, akaikuta taksi ya Adalbert. Akasoma ile karatasi.

Akacheka.

Hakutabasamu, alicheka akashika tumbo. Akatoa simu akapiga picha. Akamwita dereva wake aje naye aone, wakacheka wawili, kwa Kifaransa. Emérence alisimama na chuma cha kulehemu mkononi, bado chekundu, akiwaangalia. Juu ya vichwa vyao ubao wa baba yake ulikuwa unasema usicheke, na wao wanacheka.

"Maman, ni wewe Emérence?" Parfait akauliza, akijifuta macho. "Moteri termike haiko moteri yenye kushofe. Ni moteri yote yenye kuunguza esanse ao mazutu. Yote! Yenye kushofe na yenye haishofe. Wewe ulikuwa unawapa watu ruhusa ya serikali mu karatasi ya daftari?"

"Ile yako inaunguza nini?" akauliza Adalbert, kidole kikielekea gari jeupe.

"Ile ni ya Projet," Parfait akajibu, na kwake hilo lilikuwa jibu.

Guy alikuwa ameshusha megafoni mpaka magotini. Hakuna aliyemuuliza Guy kitu. Ndivyo ilivyo, kosa la mwenye megafoni hubebwa na mwenye kalamu. Madereva wakamgeukia Emérence. Mmoja akasema amewadanganya. Mwingine akasema amewatengenezesha radiateri pasipo haja ili ajaze pipa lake. Adalbert, huyo huyo wa "Maman, niokoe," akabandua karatasi yake, akaikunja, akaitupa ndani ya pipa. Zikafuata nyingine. Zilielea pale juu ya maji machafu, na wino wa jina lake ukaanza kuyeyuka. Yeye akarudisha chuma kwenye makaa, na wanaomfahamu walianza kurudi nyuma, maana Emérence asiyetukana ni wa kuogopwa.

Lakini Parfait hakuwa anamfahamu. Akatoa ramani. Magari ya mafuta yakiisha, akasema, radiateri nazo zitaisha, kwa hiyo garaji hii haina kazi tena. Hapa itajengwa stesheni ya kuchaji magari ya kuran, yaani umeme. Akamwambia Guy afanye kilichokuwa kimepangwa. Guy akaleta kopo la rangi nyekundu, na bila kumtazama maman machoni akachora msalaba mkubwa juu ya ubao mrefu. Huku Bukavu kila mtu anaujua msalaba huo. Ukiuona ukutani kwako, nyumba imeshahukumiwa. Mistari yake miwili ilikutana juu ya neno PANE.

"Siku ya sherehe ya kufungua kazi ya magari ya kuran, jumamosi ya mwisho ya mwezi," Parfait akasema. "Ikiisha, tunavunja."

Tuseme kweli: kuran gani? Cimpunda kuran inakuja kama mkwe mwenye deni, usiku, na inaondoka kabla hujaisalimu. Watu wanachaji simu sokoni, kwa kupanga mstari. Gari zima litachajiwa na nini, na mate?

Emérence alivaa kitenge chake cha misa akaenda ofisini kwa Projet. Walimkalisha kwenye benchi toka asubuhi mpaka jua la saa nane. Mwishowe binti mmoja mpole akamwambia aandike demande, barua ya maombi, na kwamba Projet haikuwasahau watu wake: kuna mafunzo ya wiki mbili ya kutengeneza sabuni.

"Sabuni?"

"Ndiyo, maman. Ya vipande na ya maji."

"Binti yangu," alisema, akinyanyuka kutoka kwenye benchi, "miaka makumi tatu na tano nasude. Nimesude lori zilizobeba mifuko ya simenti ya ofisi hii. Na wewe unataka nipike sabuni? Niwaoshe nini, aibu yenu?"

Alirudi kwa miguu mlima mzima. Wiki zile alifanya kazi kwa hasira kiasi kwamba alijiunguza mara mbili, yeye asiyejiunguza. Wateja walipungua, wengine walipita wakitazama upande mwingine. Kila asubuhi alipofungua, kitu cha kwanza alichokiona ni ule msalaba juu ya mbao alizozibeba baba yake kutoka Mwenga. Wangekuja na nyundo, na lori la mzee lingekufa mara ya pili.

Jumamosi ikafika. Walisimamisha mahema, wakapanga viti vya plastiki, wakaleta fanfari ya shule. Gari dogo la kuran, jipya, lenye utepe, lililetwa limebebwa juu ya lori la mazutu, yaani dizeli, lililopanda mlima likitapika moshi mweusi juu ya nguo nyeupe za wanafunzi. Hakuna aliyecheka, watu walikuwa wamechoka. Na kwa sababu nguzo za kuran zilikuwa zimelala kama kawaida, Projet ilileta grupu, mashine kubwa ya mazutu, ili ichaji gari mbele ya wageni. Waliiwasha saa mbili asubuhi. Wageni walitarajiwa saa tano.

Saa tatu grupu ikashofe.

Ilianza na harufu. Emérence aliisikia akiwa ndani, ile harufu ya utamu uliooza ambayo kwake ni kama sauti ya mtoto anayelia. Hakutoka. Kisha mvuke ukapanda mweupe juu ya mahema, mashine ikazimwa, na mlima ukanyamaza. Guy akaja kwanza, megafoni chini ya kwapa.

"Maman... grupu."

"Nasikia."

"Radiateri inavuya."

"Nasikia, Guy. Mbele kwangu uliandika nini ku ukuta? Enda usome."

Akaja Parfait mwenyewe, tai imelegea, simu mbili mkononi.

"Maman Emérence, tunakuomba. Radiateri ya kubadirisha iko Kampala, itafika kisha siku nane. Wageni wako njiani."

"Ile grupu inakunywa nini?"

Parfait akatazama simu zake.

"Nauliza: inakunywa nini? Maji ya baraka?"

"Mazutu."

"Basi ni termike!" Emérence akapaza sauti hadi wauza sombe wakasikia. "Termike, apa Cimpunda, haina ruhusa! Tena hii ni termike yenye kushofe! Hii ata Guy angeikamata!"

Hapo sasa mlima ulicheka, viti vya plastiki vikaanguka. Parfait akakunja uso.

"Maman, usinichezee. Sema bei yako."

"Bei yangu iko ku ukuta. Utoe ule musalaba."

"Guy ataufuta lundi, kisha siku mbili tu."

"Lundi! Nyinyi watu ba lundi! Lundi, demande, sabuni! Utafuta sasa. Na haiko Guy. Guy alitumwa. Utafuta wewe."

Parfait alitazama saa, akatazama mlima ambako wageni wangetokea. Akavua koti. Dereva wake akanyonya esanse kwa mpira kutoka kwenye tangi la gari jeupe, akamletea ndani ya chupa pamoja na kitambaa. Mkubwa wa Hewa Safi akaanza kusugua ubao kwa esanse, mbele ya mtaa mzima, na shati lake likapata madoa mekundu.

Emérence hakukaa kumtazama. Alikwenda kwenye grupu kuifungua radiateri, maana boliti zilikuwa zimeshikana na kazi ilikuwa ya watu wawili. Mkono ukatokea upande wa pili na ufunguo wa kumi na nne. Alikuwa Adalbert.

"Maman, ile siku..."

"Shika apo. Nyamaza."

Akashika, akanyamaza. Walikuwa wametoa boliti ya mwisho Emérence aliponyanyua kichwa. Msalaba ulikuwa umekwisha. Rangi nyekundu ilikuwa imetiririka hadi chini. Lakini esanse haichagui. Pale katikati, mistari miwili ilipokuwa imekutana, ubao ulikuwa mtupu, mweupe, na michirizi ya manjano ilikuwa inashuka pamoja na nyekundu.

"Simama!" Alipiga ukelele uliozima fanfari iliyokuwa inajaribu tarumbeta. "Simama! Ile ni mukono wa baba yangu!"

Akamfikia, akamnyang'anya kitambaa. Kilikuwa kimelowa manjano.

"Si ulisema nifute?" Parfait akasema, akihema. "Nimefuta."

Na alikuwa na haki, mbwa yule! Ndiyo maana hasira ilimpanda Emérence mara mbili. Watu hawa wakiweka, wanakuharibia, wakiondoa, wanakuharibia. Alitaka kumrushia chuma cha moto. Alitaka kukaa chini matopeni alie kama siku ya kumzika mzee. Hakufanya lolote katika hayo. Aliingia ndani, akatoka na lile daftari.

"Andika. 'Garaji hii haivunjwe.' Jina yako, na kasheti ya Projet."

Parfait akachukua kalamu, akaanza: "Par la présente..."

"Apana! Andika Kiswahili. Sitaki Guy akuje kunitafsiria."

Akaandika Kiswahili. Akagonga muhuri. Emérence akaisoma mara mbili, mdomo ukitamka herufi moja moja, akaiingiza ndani ya blauzi. Ndipo akaizamisha radiateri pipani, akapiga pampu, akatafuta mapovu. Vidonda vilikuwa viwili. Aliviziba vizuri, kwa sababu hajui kuziba vibaya, hata pale anapotaka.

Saa tano wageni wakafika, grupu inanguruma. Walitoa hotuba ndefu juu ya mwisho wa mazutu, na hakuna aliyesikia neno kwa sababu ya kelele za mazutu. Parfait alisimama nyuma yao akiwa amevaa koti juu ya madoa, amelifunga vifungo vyote.

Garaji ipo mpaka leo. Grupu imerudi kwake mara mbili tangu siku ile. Adalbert alimletea kopo la rangi ya manjano na brashi mpya, akajitolea kuandika yeye mwenyewe neno lililopotea. Emérence akalipokea kopo, akapaka nalo kigoda cha kukalia wateja. Ubao umebaki vilevile: USICHEKE, halafu pengo, halafu YA MWENZAKO. Wapita njia wanamtania. Maman, tusicheke nini ya mwenzetu? Amalizie basi, ni herufi nne tu!

"Baba yangu aliandika na rangi, mukubwa akafuta na esanse," anawajibu, bila kunyanyua kichwa kutoka pipani. "Nikiandika tena, kesho atasema hakufuta kitu."